Kanga ya Darasa la Nne: Shajara ya Mradi wa Sanaa Shuleni, Januari hadi Juni 2025

27 Januari: Kwa nini kanga

Mradi huu unafanyika katika shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, katika mkondo mmoja wa Darasa la Nne wenye wanafunzi 84. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, kufuatia Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, umeipa sanaa somo lake kuanzia Darasa la Tatu, nalo ni Sanaa na Michezo. Watoto hawa ndio wa kwanza kulipitia. Katika mipangilio iliyotangulia, kuchora, kusuka na kuimba vilikuwa ndani ya somo la Stadi za Kazi na la Haiba na Michezo, masomo ambayo mara nyingi yalifundishwa kwa kuandika ubaoni maana ya ususi, aina za ususi na faida za ususi, mtoto akafaulu jaribio bila kushika ukindu hata mara moja.

Hapa kwetu sanaa huonekana zaidi msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, pale kwaya na ngoma zinapoandaliwa kwa mashindano. Nimeona jinsi maandalizi yale yanavyowajenga watoto wanaochaguliwa, lakini anayechaguliwa ni yule anayejua tayari, na wenzake wote hubaki kuwa wapiga makofi. Mradi huu una lengo tofauti: kila mtoto wa mkondo huu, awe na mkono mwepesi au mzito, aamue jambo lake mwenyewe juu ya kitambaa, alitekeleze, aone limekuwaje, kisha alirekebishe. Hiyo ndiyo kazi ninayoamini sanaa inaifanya darasani, na masomo mengine, kwa namna tunavyoyafundisha, huiacha. Katika Hisabati mwalimu anajua jibu kabla swali halijaandikwa. Mbele ya kitambaa kitupu hakuna anayelijua, mwalimu akiwemo.

Kanga imechaguliwa kwa sababu haimlazimu mtoto aelezwe ni nini. Amebebwa kwa kanga, amefunikwa kwa kanga, na anajua bila kufundishwa kwamba ina pindo linalozunguka kingo zote, mji katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Kanuni hizo tatu ni chache kiasi cha kukumbukwa na ngumu kiasi cha kumfanya mtu afikiri. Tutachapa kanga sita, moja kwa kila kundi la watoto 14, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1.5. Fedha zitatoka kwenye mfuko wa Elimu ya Kujitegemea (EK), yaani mauzo ya mchicha na bamia za bustani ya shule, kwa idhini ya kamati ya shule.

14 Februari: Rangi

Rangi za viwandani za kuchapia vitambaa zilikuwa ghali kuliko mfuko wetu, kwa hiyo tumetumia njia ya chai na kutu. Majani ya chai yana tanini, dawa ileile iliyomo kwenye magome yanayotumika kulainishia ngozi. Tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hutoa weusi unaoshika kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa hulowekwa kwenye chai nzito na kukaushwa, kisha muhuri uliochovywa kwenye maji ya kutu ukikigusa, mahali palipoguswa panageuka kuwa peusi papo hapo.

Jaribio la kwanza halikutoa chochote. Tulilowesha misumari ya bati kwenye siki kwa wiki nzima, na maji yakabaki meupe karibu kama yalivyotoka chupani. Yalipochapwa yaliacha alama hafifu ya kijivu ambayo ilitoka kwa kusuuza. Sababu ni kwamba misumari ya bati hupakwa zinki ili isishike kutu, na zinki haitoi weusi pamoja na chai. Fundi ujenzi mmoja wa jirani alitupa bure waya wa kufungia nondo uliokuwa umekaa mvuani. Waya huo, ukijazwa nusu ya chombo na kufunikwa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ulitupa kwa siku chache maji ya rangi ya hudhurungi yenye nguvu ya kutosha.

Atakayeiga asifunge chombo kwa kifuniko. Chuma ndani ya siki hutoa gesi, na chupa moja iliyokuwa imekazwa usiku ilirusha kifuniko chake na kumwaga maji kwenye meza ya ofisi. Sasa tunafunika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, na vyombo vinakaa nje ya darasa, chini ya baraza, mahali pasipo na moto.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kitambaa chenyewe. Marekani mpya, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, huja na dondo (wanga wa kukikaza) kutoka kiwandani, na dondo huzuia chai isiingie. Kipande tulichokiloweka bila kukifua kilitoka na madoa meupe na kahawia yasiyo na mpangilio. Tangu hapo kila kitambaa kinafuliwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni hadi maji yasiteleze tena mkononi, ndipo kinaingia kwenye chai. Tunachemsha robo kilo ya majani kwa lita kumi za maji kwa nusu saa, tunaacha yapoe, na kitambaa kinalala humo usiku kucha.

Maji ya kutu peke yake hutambaa chini ya muhuri na kuufuta mchoro. Tulipika wanga wa muhogo kwa maji matupu mpaka ukawa mzito, tukauacha upoe, ndipo tukauchanganya na maji ya kutu hadi mchanganyiko ukafikia uzito wa mtindi. Wanga usipikwe pamoja na siki, kwa kuwa asidi huulainisha tena ukiwa motoni na mvuke wake unachoma macho.

Mwalimu wa Sayansi alikuja kutazama akaomba kipindi kimoja kitumike kwa somo lake. Nilifurahi, kwa sababu lile tukio la maji ya hudhurungi kuwa meusi yakigusa kitambaa cha kahawia liliwafanya watoto waulize maswali ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha darasani. Mmoja alitaka kujua kama jasho lenye kutu lingetia weusi kwenye nguo iliyomwagikiwa chai. Hatukumjibu, tulimpa kipande cha kitambaa na msumari wenye kutu akajaribu mwenyewe.

3 Machi: Korosho themanini na nne

Hapa ndipo mradi ulipokwama kwa namna iliyonifundisha zaidi kuliko rangi. Kipindi cha kwanza cha kubuni kilianza kwa njia ya kawaida: mfano ubaoni, maelezo ya mfano, kisha watoto wafanye wa kwao. Mfano ulikuwa umbo la korosho, lile pambo lililopinda linaloonekana kwenye kanga nyingi za pwani. Madaftari yalipokusanywa yalikuwa na korosho kurasa zote. Nyingine zilikuwa nzuri sana, zenye vidoa ndani na ukingo wa mawimbi, lakini zote zilipinda upande uleule niliopindisha ubaoni, na hata mkwaruzo wa chaki uliobaki pembeni mwa mfano wangu ulinakiliwa na watoto kadhaa kwa uaminifu kamili.

Watoto hawa si wavivu wala hawana upungufu wa mawazo. Wamefanya kile ambacho miaka yao yote shuleni imewaambia ndicho kazi nzuri. Tangu darasa la awali tiki hupewa aliyefanana na ubao, na mwenye kutofautiana na ubao hupewa alama nyekundu ya mkasi. Mtoto mwenye akili akikaa humo miaka minne anajifunza kwa usahihi mkubwa kwamba kazi yake ni kutafuta anachotaka mwalimu. Kisha siku moja tunamletea kipindi kinachoitwa sanaa, tunamwambia awe huru, na tunashangaa akituuliza, "Mwalimu, tuchore ipi?"

Katika kipindi kilichofuata tulijaribu kuondoa mfano na kuacha uhuru mtupu. Matokeo yalikuwa mabaya zaidi. Karibu nusu ya darasa hawakuchora kitu, na waliochora walirudi kwenye bendera ya taifa, ua la petali tano na nyumba yenye mlango katikati, yaani vitu vyenye uhakika wa kutokosolewa. Uhuru usio na mipaka humtisha mtoto ambaye hajawahi kupewa uhuru wowote.

Kilichofanya kazi ni kuweka masharti badala ya mfano. Tuliyapunguza hadi matatu. Kwanza, kila mtoto alikunja karatasi mara mbili akapata visanduku vinne, na mchoro wake ulitakiwa ujirudie katika visanduku vyote. Pili, mchoro uguse kingo za kisanduku angalau mahali pawili, ili visanduku vikipangwa pamoja mistari ivuke kutoka kimoja hadi kingine. Tatu, umbo litokane na kitu ambacho mtoto amekipita akija shuleni asubuhi hiyo, na asiwe ameliona kwenye kanga yoyote ya nyumbani.

Sharti la tatu lilitoa ngazi ya kukwea mnazi, majani ya mkonge yaliyopangwa kama vidole, gurudumu la bodaboda lenye matope katikati ya spoki, mpini wa pampu ya kisima, nyavu, na ganda la nazi lililokunwa. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida huketi nyuma kabisa na huzungumza kwa nadra alichora mistari iliyovunjikavunjika kutoka pembe moja hadi nyingine. Nilimwuliza ni kitu gani.

"Ni chungu, mwalimu."

"Chungu cha kupikia?"

"Hapana. Wadudu. Wanapita njia moja, halafu mtu akikanyaga wanazunguka, halafu wanarudi kwenye njia yao."

Nilimwonyesha kwamba visanduku vyake vikikutana njia ya wadudu haiungani. Alikaa nayo hadi kengele ikalia, akaichukua nyumbani, na siku ya pili aliileta ikiwa inaungana pande zote nne. Hakuna aliyemwambia jinsi ya kufanya. Alikuwa amekata karatasi katikati na kubadilisha nafasi za vipande ili kingo za nje ziwe ndani, njia ambayo wabunifu wa vitambaa huitumia siku zote.

Kwa atakayeiga: usichore ubaoni. Ukilazimika kuonyesha, onyesha mifano mitatu isiyofanana kisha ifute kabla watoto hawajashika penseli.

21 Machi: Mihuri

Mbao za kuchonga tuliziacha, kwa kuwa patasi mikononi mwa watoto wa miaka tisa na kumi, 84 chumba kimoja, ni jambo ambalo hakuna mzazi angelikubali. Tulitumia nyayo za ndala chakavu, zinazopatikana bure ufukweni na jalalani, zikaoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Mtoto huchora umbo juu ya soli kwa kalamu ya wino, kisha hukata.

Mikasi ya bei rahisi haikuweza kukata soli nene. Watoto walibana kwa mikono miwili, ukingo ukatoka umechanika, na mikasi miwili ikalegea msumari wake. Tulitatua kwa kugawanya kazi: soli nzima zilichanwa unene nusu na fundi viatu kwa kisu chake, na watoto wakakata soli nyembamba bila taabu. Kwa mistari myembamba, kama ile njia ya wadudu, soli haikufaa kabisa. Hapo tulitumia kamba ya katani iliyobandikwa juu ya kipande cha mbao kwa kufuata mchoro. Katani ikichapwa huacha alama za nyuzi zake, na watoto waliipenda kuliko soli.

Gundi nyeupe ya maji ilishindwa. Mihuri iliyobandikwa kwa gundi hiyo ilianza kuachia baada ya kuchovywa mara chache kwenye maji ya kutu. Gundi ya viatu imeshika mpaka leo, lakini harufu yake ni kali na haifai kwa watoto, tena wakati huu wa Ramadhani ambapo wengi wamefunga na wanachoka mapema. Kazi ya kubandika ilifanywa na walimu wawili na fundi viatu chini ya mwembe baada ya watoto kuondoka.

Kuchovya muhuri moja kwa moja kwenye chombo kunajaza rangi hadi kwenye mianya. Tuliweka kipande cha godoro kwenye sahani pana na kukimwagia rangi, muhuri ukabonyezwa juu yake, na tatizo likaisha.

11 Aprili: Jina

Jina la kanga lilikabidhiwa kwa vipindi vya Kiswahili, na mwalimu wa somo hilo aliridhia kwa moyo. Watoto kwanza walileta majina waliyoyaona kwenye kanga za mama zao. Tuliyasoma, tukajadili yanamwambia nani nini, na kwa nini mtu aandike mgongoni jambo ambalo hasemi mdomoni. Kisha yakawekwa kando, na kila kundi likaombwa litunge la kwake lisilozidi maneno matano.

Mjadala huo ulikuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Kundi moja lilikuwa na "MAMA USICHOKE KUNIAMSHA", na wavulana wawili walipinga kwamba si la heshima kumwagiza mama. Mwandishi wake alijitetea kwamba hakuagiza, ameomba. Walibishana hadi wakafika kwenye swali la kama sentensi ileile inaweza kuwa amri kinywani mwa mmoja na dua kinywani mwa mwingine, nami nikakaa kimya, kwa kuwa hilo ni somo la lugha ambalo nisingeweza kulipanga kwenye andalio. Jina lilibaki kama lilivyo. Kundi jingine lilichagua "TUULIZENI TUMEONA NINI", na sitaficha kwamba hilo ndilo lililonigusa zaidi.

Herufi za kwanza zilichapwa zikiwa zimegeuka. Muhuri hugeuza kila kitu, jambo lisiloonekana kwenye maua na linaloonekana mara moja kwenye maandishi. Wanafunzi wanaosoma madrasa walikuwa wepesi kulitambua, kwa kuwa wamezoea kusoma kutoka kulia, na mmoja alieleza kwamba bibi yake ana kanga kuukuu yenye jina la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Habari hiyo ni sahihi: majina ya kanga yaliandikwa kwa hati hiyo kabla ya herufi za Kirumi kuenea, na somo letu la siku hiyo liliishia kuwa la historia.

Kugeuza herufi moja moja kwa soli kulikuwa kunachukua muda mwingi, kwa hiyo tulihamia kwenye kiolezo cha kadibodi kilichokatwa herufi zikiwa wazi. Kadibodi ililowa na kuvimba. Tuliipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa pande zote mbili, na kadibodi hiyo imetosha kuchapa jina zima mara kadhaa. Herufi A, O, B na R huangusha kipande chake cha ndani zikikatwa; lazima ziachiwe madaraja mawili membamba ya kuzishikilia. Tuliwaachia watoto wagundue hilo wenyewe, na waliligundua kwenye herufi ya kwanza.

2 Mei: Masika, wazazi, na kitambaa kilichochanika

Mvua za masika zimetuchelewesha. Kitambaa kilichotoka kwenye chai hakikauki, na kikichapwa kikiwa na unyevu mchoro unasambaa. Wanga uliobaki ulishika ukungu na kunuka. Sasa tunapika kiasi cha siku moja tu. Kamba za kuanikia zimefungwa ndani ya darasa, ukuta hadi ukuta, na kwa siku kadhaa masomo mengine yalifundishwa chini ya vitambaa. Walimu wenzangu walivumilia, na ninawashukuru.

Tatizo zito zaidi lilijitokeza kwenye kipande cha majaribio cha Februari. Kilipofuliwa tena kilichanika palepale penye rangi nyeusi, kana kwamba mchoro umekatwa kwa wembe. Chuma kikizidi, pamoja na asidi iliyobaki, hula pamba polepole. Marekebisho ni mawili, na tumeyafanya yote: maji ya kutu yanachujwa na kuongezwa maji mara mbili ya ujazo wake kabla ya kuchanganywa na wanga, na kitambaa kikishakauka siku mbili kinasuuzwa kwenye ndoo ya maji yenye kijiko kimoja cha magadi, kisha kwenye maji matupu mpaka yatoke safi. Weusi umepungua kidogo, ukawa wa makaa badala ya wino, na vipande vipya vimefuliwa mara kwa mara bila kuchanika. Yeyote anayetaka nguo ya kuvaliwa asiruke hatua hii.

Wazazi wachache walikuja kulalamika kwamba watoto wanarudi na vidole vyeusi na hawaleti mazoezi ya Hisabati. Malalamiko yao ni ya haki na hayafai kubezwa, kwani mwezi Oktoba watoto hawa wana upimaji wa kitaifa, na mzazi aliyejinyima ili mtoto apate sare na madaftari ana haki ya kuuliza muda unakwenda wapi. Niliwaalika waingie darasani. Waliona watoto wakipima pindo: kitambaa kina sentimita 150 kwa 110, muhuri una upana wa sentimita 8, na 8 haigawanyi 150 wala 110 bila baki. Kundi moja lilikuwa limekaa sakafuni likibishana kama baki iachwe kwenye pembe, igawanywe kuwa mianya midogo kati ya mihuri, au muhuri ukatwe upya. Mama mmoja, mshona nguo, alipiga magoti akaonyesha jinsi yeye anavyoanzia katikati na kutoka nje pande zote mbili ili kasoro ya kushoto ilingane na ya kulia. Watoto walimsikiliza kwa makini ambayo mimi huyapata kwa nadra, na makundi matatu yakafuata njia yake.

23 Mei: Kuchapa, na jinsi ya kusahihisha

Kanga sita zimechapwa, zimesuuzwa na zimekauka. Kazi yenyewe ilikwenda kwa utaratibu: meza nne ziliunganishwa na kutandikwa blanketi chini ya kitambaa, kwa kuwa muhuri hauchapi vizuri juu ya ubao mgumu, kisha watoto wanne walichapa kwa zamu huku wengine wakipima, wakishika violezo au wakichora kwenye madaftari. Bila kugawanya majukumu, watoto 14 kuzunguka meza moja huishia kusukumana. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi. Vipindi viwili vilivyofuatana ndivyo vilivyofanya kazi iwezekane.

Kusahihisha kulihitaji fikra zaidi. Sanaa isiyopimwa hupuuzwa na wote, kuanzia mtoto hadi mwalimu mkuu, lakini sanaa ikipimwa kwa uzuri wa kazi ya mwisho tunarudi kulekule: mwenye mkono mwepesi anashinda, na wengine wanajifunza kwamba hawana kipaji. Tumepima daftari la michoro badala ya kanga. Alama zilitolewa kwa mambo matatu: kama mchoro wa mwisho unatofautiana na wa kwanza, kama mtoto anaweza kueleza kwa maneno yake alichobadilisha na sababu yake, na kama ametumia jambo alilojifunza kwa mwenzake. Uzuri haukupewa alama.

Njia hii ina gharama ya muda. Kuwasikiliza watoto 84 wakieleza, hata kwa dakika mbili kila mmoja, ni karibu saa tatu, nasi tuliipata kwa kusikiliza watoto wachache kila siku wakati wengine wanafanya kazi. Ilitupa kitu ambacho jaribio la kuandika halikiwezi. Mvulana mmoja ambaye alama zake za masomo mengine ni za chini alieleza kwamba alipunguza spoki za gurudumu lake kutoka nyingi hadi sita kwa sababu zikiwa nyingi rangi inajaa katikati "na mtu haoni kama ni gurudumu, anaona doa". Alikuwa amelitambua tatizo, akatafuta chanzo chake, akafanya uamuzi na akaweza kuutetea. Sijui somo gani lingine katika ratiba yetu lingempa nafasi ya kuonyesha hivyo mwaka huu.

5 Juni: Hesabu na ratiba

Matumizi yote yamekuwa shilingi 114,000. Marekani mita 12 ilichukua 42,000, na mita tatu kati ya hizo ziliishia kwenye majaribio. Siki ilikuwa 12,000, majani ya chai 10,000, gundi ya viatu 8,000, wanga 3,000, magadi 1,000, rimu moja ya karatasi 13,000, mikasi kumi 15,000 na ndoo mbili 10,000. Waya, ndala, kadibodi, godoro na mishumaa iliyobaki nyumbani vilipatikana bure. Kwa kila mtoto ni zaidi kidogo ya shilingi 1,350, na mwaka ujao itapungua kwa kuwa mikasi na ndoo zipo. Mwenye kusema kwamba sanaa haifundishwi kwa sababu ya fedha aangalie hesabu hii. Kilichotugharimu zaidi ni muda na nafasi, na hivyo hupangwa na sisi wenyewe.

Kanga nne zimebaki shuleni. Moja imekwenda kwa mama mshona nguo na nyingine kwa fundi viatu, kwa kura ya darasa.

Katika kikao cha walimu niliomba vipindi viwili vya Sanaa na Michezo vifuatane kwenye ratiba ya muhula wa pili, siku ya Alhamisi, na visichukuliwe kwa mazoezi ya masomo mengine. Kikao kimekubali hadi mwisho wa Agosti. Septemba na Oktoba vitakwenda kwenye maandalizi ya upimaji, na nimeandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba sikubaliani na sehemu hiyo ya uamuzi. Kwa hiyo awamu ya pili, ambayo ni ya ala za muziki za mianzi, lazima iingie katika Julai na Agosti. Mianzi inahitaji kukauka kivulini kwa wiki kadhaa kabla ya kutobolewa, la sivyo hupasuka, na ndiyo maana imekatwa leo na kupangwa chini ya baraza, pale vilipokuwa vyombo vya kutu.